Nusu ya Juu ya Karatasi

Watu wananiita Mama Karanga, ingawa nimezaa wanne na hakuna hata mmoja anayeitwa Karanga. Huu ni mwaka wa kumi na saba nimekaa nje ya geti la hospitali: meza yangu, mwavuli wangu, sufuria langu na domo langu. Domo lenyewe halina breki, najua, usihangaike kuniambia. Marehemu mume wangu aliniambia hivyo mpaka akachoka, akaenda zake kupumzika.

Leo nataka kusema habari za Mama Shuka, kwa sababu kuna watu hapa getini wanaosema mimi ndiye niliyemmaliza. Sikatai moja kwa moja. Nisikilizeni kwanza, kisha mhukumu.

Mama Shuka ni fundi wa kushona wa hospitali. Chumba chake kiko chini, nyuma ya wanakofulia, na kina cherehani mbili, moja nzima na moja ya kutolea vipuri. Kazi yake ni mashuka, mapazia ya kutenga vitanda na magauni ya kufanyiwa upasuaji. Shuka likichakaa katikati, pale wagonjwa wanapolalia, yeye halitupi. Analichana kwa urefu, anageuza kingo zile nzima zinakuwa katikati, anaziunga, kisha anapinda pembeni. Shuka linaishi miaka mitatu mingine. Nilimwambia siku moja, "Dada, nami nigeuze basi, maana katikati nimechakaa." Akacheka mpaka akashika ubavu. Ndiyo, alikuwa mtu wa kucheka wakati huo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Tulimwita Chiriku, kwa jinsi alivyoongea. Mtoto yule akipita hapa kwenda kumwona mama yake, nilikuwa nanyamaza mimi, na hilo si jambo dogo. Baba yake aliaga anakwenda kutafuta kazi Chiriku akiwa anatambaa, na mpaka leo bado anaitafuta. Mama akamlea peke yake kwa sindano na uzi, akasoma, akapata kazi ya kufundisha watoto wadogo. Alikuwa na miaka ishirini na mbili alipoingia hospitali kukatwa kidole tumbo.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Asubuhi yake Mama Shuka alipita wodini, akamkuta binti amekaa kitandani analalamika uji hauna sukari, akashuka kazini roho nyeupe. Siku hiyo alikuwa ametakiwa kutoa mashuka kumi na mawili kabla ya adhuhuri. Yakiwa yamebaki mawili, mfagizi wa wodi akateremka akamwambia, "Mama Shuka, mtoto anakuita." Akajibu, "Mwambie naja, namalizia haya mawili."

Alimaliza. Akanawa mikono, akapanda ngazi. Alipofika, mtoto alikuwa ameshafunikwa, na shuka lile lilikuwa na mshono wa katikati, wake mwenyewe. Daktari alisema damu iliganda mguuni ikapanda kwenye mapafu, na kwamba hata angekuwepo asingeweza kufanya lolote. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yamfae nani? Sista wa wodi, yule mrefu mwenye miwani, alimshika bega akamwambia, "Alipitiwa na usingizi tu mama. Hakuuliza kitu, hakujua kitu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi wengine tulikwenda msibani tukasema yale yanayosemwa. Kazi ya Mungu haina makosa. Mbele yake nyuma yetu. Jikaze mama. Mimi mwenyewe nilisema "jikaze", na nikiikumbuka sura aliyonitazama nayo natamani ardhi ipasuke. Kiongozi wa dini yake alikuja mara tatu. Mara ya tatu Mama Shuka alimuuliza swali moja: "Yule aliyekufa akiwa amekuita nawe hukwenda, amekufa ameridhika au hakuridhika?" Mtu wa Mungu akakohoa, akasema tuombe. Wakaomba. Mara ya nne hakuja.

Sasa tuje kwenye dhambi yangu.

Karatasi za kufungia karanga nanunua kwa kilo, kwa mzee anayepita na mkokoteni kukusanya makaratasi ya maofisini na majumbani. Mara nyingi huwa madaftari ya shule na magazeti. Mara moja moja huwa kitabu, na kitabu nakipenda, karatasi yake ni nzito, haitoi mafuta upesi. Nakichana hapo hapo mbele ya mteja. Karatasi moja naikata katikati: nusu moja ya mteja huyu, nusu ya pili ya anayefuata. Sijawahi kusoma ninachokichana. Mchinjaji akianza kuzungumza na mbuzi, hatauza nyama.

Mwezi mmoja baada ya msiba Mama Shuka alirudi kazini. Adhuhuri akatoka akaja mezani kwangu, akanunua karanga, sijui hata kwa nini, maana alikuwa hali chochote. Nikamfungia, akaenda. Nyuma yake kulikuwa na foleni, nikaendelea na foleni yangu.

Kesho yake, hata sufuria sijateleka, namwona huyo anakuja, ameshika kile kikaratasi amekinyoosha kama noti. "Hii umeitoa wapi?"

"Kuna mdudu?" nikamuuliza.

"Kitabu chake kiko wapi?"

Nikacheka. "Dada, unanunua karanga au umekuja maktaba?"

Hakucheka. Akanisomea. Ilikuwa nusu ya chini, imelowa mafuta kiasi, na yule aliyeandika alikuwa akisema na mtu aliyefiwa. Nakumbuka kila neno, maana baadaye nilisomewa mara mia. Ilisema: *Watakuambia inatosha sasa. Wao wametosheka; wewe bado. Sala ya aliyefiwa mara nyingine ni kukaa tu, na kukataa kuondoka, na Mungu anaipokea hivyo hivyo. Na wewe uliyechelewa, uliyeitwa ukasema naja, ukakuta shuka limeshafunika uso, usidhani kwamba*

Basi. Karatasi ikaishia hapo. Ukiigeuza nyuma unakuta nusu ya chini ya ukurasa unaofuata, habari nyingine kabisa ya ndugu wanaogombania nguo za marehemu. Maneno yale yalikuwa yameendelea nyuma ya nusu ya juu, na nusu ya juu nilikuwa nimemfungia mteja wa pili.

"Nani alikuwa nyuma yangu?" akaniuliza.

Jamani. Kwa siku napimia karanga mikono zaidi ya mia. Nilimwambia sijui, na ilikuwa kweli. Akakaa kwenye ndoo yangu ya maji, akajifunika uso na ile karatasi ya mafuta. Nami mwenye domo nikasema, ili tu nimnyanyue pale: "Nitaitafuta. Haki ya Mungu nikiipata nakupa mkononi mwako, hata iwe imesema nini." Uliza nilikuwa na sababu gani ya kuapa.

Kitabu kilichobaki mezani nilimpa pale pale. Hakikuwa na jalada, wala jina la aliyeandika. Kurasa kama thelathini za mwanzo zilikuwa zimekwenda na wateja, na zilizobaki zilikuwa nyingi. Akazichukua akaenda nazo kwenye chumba chake, akazishona kwa uzi wa magauni ya upasuaji, ule mgumu. Zile zilizochanwa tukaanza kuzisaka. Nilitangaza foleni nzima: mwenye karatasi yangu ya kitabu airudishe, nitamwongezea kipimo. Mlinzi wa geti akaleta mbili alizokuwa amekunja kuwekea mguu wa meza. Dereva wa gari la wagonjwa akaleta moja kutoka chini ya kiti. Kuna mmoja, simtaji, alileta ukurasa wa kitabu cha hesabu akadai na yeye aongezewe. Nilimwongezea matusi.

Kila nusu iliyopatikana Mama Shuka aliiosha mafuta kwa unga wa mahindi, akaipiga pasi kwa kitambaa juu yake, akaitafutia mwenzake, akaziunga kwa mshono mdogo, kingo kwa kingo, vile vile anavyounga mashuka. Na kila siku alisoma. Kabla ya kuwasha cherehani asome kurasa mbili, adhuhuri aje akae kwenye ndoo yangu anisomee mimi moja. Huyo aliyeandika alikuwa amezika mke na watoto watatu, na alikuwa hajifanyi. Palikuwa na mahali alisema amemkasirikia Mungu miaka sita, na katika miaka hiyo sita hakuna mtu aliyemkaribia kuliko huyo aliyemkasirikia. Mama Shuka alipoisoma hiyo alifunga macho, akasema, "Kumbe inaruhusiwa." Nikamuuliza nini kinaruhusiwa. Akasema, "Kukasirika na kuomba kwa pamoja."

Sitasema uongo, kitabu kile kilimshika mkono. Alianza kula. Alianza kujibu salamu. Mimi niliyekuwa nafungia karanga Biblia na Kurani bila kujua, kama zilipita, Mungu anisamehe, nilianza kusubiri adhuhuri kama mtoto anayesubiri hadithi. Mume wangu nilimzika nikiwa napiga domo tangu nyumbani mpaka makaburini, sikuwahi kukaa na kifo chake. Nilikaa nacho pale kwenye meza ya karanga, nikisomewa na mtu aliyefiwa kuliko mimi.

Lakini kila alipomaliza kusoma alirudi pale pale: "usidhani kwamba". Alikuwa ameiacha nafasi ya ile nusu ndani ya kitabu, ameshonea kitambaa cheupe ukubwa ule ule. Aliniambia, "Mama Karanga, huyu mtu anajua. Mambo yote mengine amenijibu. Nikiisoma hiyo nitalala usingizi." Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile, na macho yalikuwa yameingia ndani. Alikuwa ameanza kujishonea maana yake mwenyewe: usidhani kwamba alijua umechelewa, usidhani kwamba aliumia, usidhani kwamba alikuita tena. Kila siku alileta moja mpya akaniuliza ipi inafaa. Nilisema zote.

Miezi minne ikapita hivyo. Ndipo nikagundua kwamba yule Sista mrefu mwenye miwani, mteja wangu wa miaka tisa, hajafika mezani kwangu siku nyingi. Alikuwa anapita ng'ambo ya barabara ameinamisha kichwa. Mimi na domo langu nikampigia kelele: "Sista! Umenihama? Karanga zangu zimekuwa na sumu?"

Alisimama. Akavuka, akanisogelea, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nisitiri, watu wanasikia." Akafungua kipochi anachowekea kitambulisho, akatoa karatasi imekunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaikunjua, maana karatasi ya kitabu kile naijua kama ninavyojua kanga zangu.

"Nilikuwa nyuma yake siku ile," akasema. "Nilikula karanga nikasoma. Kesho yake nikasikia anaitafuta. Nimeshindwa kuitupa na nimeshindwa kumpa."

"Kwa nini?"

"Soma."

Nikasoma pale nimesimama, karanga zinaungua. Ilianza juu kabisa: *hukungojwa. Aliye kitandani humngoja wake. Nimekaa kando ya vitanda vingi na nimeona: macho huwa mlangoni mpaka mwisho. Ulingojwa mpaka mwisho, basi jua kwamba ulipendwa mpaka mwisho.*

Yule mwandishi, masikini, alidhani anafariji.

"Mimi nilimwambia mtoto alilala," Sista akasema. "Hakulala. Aliuliza mara nne, mama amefika? Nilimwambia yuko kwenye ngazi. Kisha nikaitwa kitanda kingine, niliporudi nikakuta imekwisha, nikafunika haraka haraka nikakimbia kumwita daktari. Mama, kama unataka kumpa, mpe wewe. Mimi siwezi." Akaondoka, na karanga hakununua.

Nilikaa na ile karatasi siku tisa, ndani ya kopo la chumvi. Msiniambie ningefanya hivi ningefanya vile. Niliwaza kuichoma, moto ulikuwepo mbele yangu kutwa nzima. Niliwaza kumwambia imepatikana lakini mafuta yamefuta maneno. Lakini nilikuwa nimeapa, na isitoshe nilimwona anavyopungua. Siku ya sita alijichoma sindano ya cherehani kidoleni, mtu ambaye hajajichoma miaka ishirini. Siku ya saba msimamizi wake alimrudishia mashuka manne yameungwa upande. Mwenye njaa ya jambo haponi kwa kunyimwa, nilijiambia. Kisha nikajiambia, na kwa kupewa sumu je?

Siku ya tisa alikuja, akakaa kwenye ndoo, hakufungua kitabu.

"Una nini?" akaniuliza.

"Mimi? Sina kitu. Jua kali."

"Siku hizi hunitazami, Mama Karanga. Wewe hata wakubwa wanaotaka heshima unawatazama machoni. Imepatikana, siyo?"

Domo hili. Miaka yote linanena lisipoulizwa, siku hiyo lilikauka. Nikafungua kopo, nikampa.

Aliipangusa chumvi kwa kiganja. Akasoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudia tena toka mwanzo. Mimi nilikuwa nimeshamshika mkono, nikaanza kubwabwaja: kwamba mwandishi hakuwa pale, kwamba hakuna binadamu anayejua ya kitandani kwa mwenzake, kwamba vitabu vinaandikwa na watu na watu wanakosea, kwamba Sista mwenyewe alisema mtoto alilala.

"Nyamaza dada," akasema. Hakusema kwa ukali. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilipofunua lile shuka macho yalikuwa wazi. Shingo imegeuka, uso unatazama mlango. Nilimfumba mimi mwenyewe, kwa vidole hivi." Akanionyesha vidole, kile alichojichoma bado kimefungwa kitambaa. "Sista aliponiambia alilala nilimwitikia ili asihangaike. Nilijua toka siku ile ile. Mimi nilikuwa natafuta kitabu kitakachonibishia. Kimoja tu. Kiseme, wewe mama, hukuona sawasawa."

 

Akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni, mahali anapoichomeka siku zote, na uzi mfukoni. Akafumua kile kitambaa cheupe, akaiweka ile nusu ya juu mahali pake, akaiunga na ya chini kwa mshono ule ule mdogo. Hakuruka hata tundu moja. Niliona aibu kwa jinsi nilivyotamani akosee. Alipomaliza akakifunga kitabu, nikadhani atakiweka kwenye mkoba. Badala yake akaanza kukishona pembeni. Upande wa juu, upande wa mbele, upande wa chini, sindano ikipenya karatasi zote kwa kusukumwa na mpini wa kijiko changu. Kitabu kizima akakishona kikafungika, hakifunguki mpaka kichanwe. Akakata uzi kwa meno.

"Dada," nikamwambia, "lakini kilikusaidia. Ulianza kula. Ulicheka hata juzi."

"Kilinisaidia," akasema. "Ndiyo maana siwezi kukichukia. Na ndiyo maana siwezi kukisoma tena."

Akaomba karanga. Nikanyoosha mkono kuchukua karatasi, ya gazeti tu, ya michezo, na mkono ukagoma. Haki ya Mungu ulikataa. Nikammiminia kwenye viganja vyake, moto moto, akavikunja. Akala moja, akala ya pili, machozi yakimtiririka na yeye hayafuti, nami nikilia kama mtu aliyepigwa, na foleni imesimama mbele yetu inatutazama, hakuna aliyethubutu kusema nihudumie.